Usilete Mchezo Wenu Amagoro

Busia,
9 Februari 2025

Mdogo wangu Sheilah,

Nakusalimu wewe, mwanao Brayo, na mama mkwe wako Toto. Huku tuko wazima. Baba amerudi kwenye kazi yake ya baiskeli ingawa goti bado linamsumbua. Anakaa juu ya kreti ya soda na kuwaamuru wateja wafungue nati wenyewe. Mama yuko Busibwabo anapigania mihogo yake na ngedere, na mpaka sasa ngedere wanashinda.

Kikundi chetu cha maigizo kimeacha ukumbi. Tuliona ukumbini wanakuja watu wale wale, wanapiga makofi, wanakula mandazi na kwenda zao. Sasa tunacheza pale pale watu walipo. Majuzi tulikuwa kwenye yadi ya malori na mchezo wa msichana wa shule anayepandishwa lori na dereva wa umri wa baba yake. Mara ya kwanza tunaucheza hadi mwisho, na mwisho wake ni mbaya. Kisha tunaanza upya, na safari hii mtazamaji yeyote anaweza kusema "Simama," akaingia, akachukua nafasi ya mhusika mmoja na kufanya vile anavyoona ingefaa. Dereva mmoja wa Tororo aliingia akawa utingo. Akasema, "Mimi huu mlango sifungui." Hayo tu.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Hukuja kumzika mjomba. Mumeo Etyang alisema una malaria. Nimepiga simu yako mara nyingi kukupa pole na kila nikipiga anapokea yeye. Kwa nini mumeo anapokea simu yako? Ndiyo maana barua hii nimempa Janat muuza vitenge, kwa kuwa Malaba anapita kila wiki na anasema wewe ni mteja wake. Ni yeye pia aliyeniambia kwamba alikukuta na sweta jua la saa saba. Sikuzaliwa jana, Sheilah. Niandikie.

Dada yako,
Apondi


Malaba,
4 Machi 2025

Dadangu Apondi,

Salamu nyingi kwako na kwa baba na mama. Brayo ameng'oka jino la mbele na sasa anaongea kwa kupuliza. Toto hajambo. Tangu asubuhi yuko barazani na karanga zake. Hasemi sana, lakini mimi nikichelewa jikoni huwa ananifunikia chai isipoe.

Mimi niko sawa. Mkono niliuumiza nilipoteleza bombani, watu walikuwa wamemwaga sabuni. Sweta ilikuwa ya baridi ya malaria. Simu yangu ilipasuka kioo, kwa hiyo laini iko kwenye simu ya Etyang. Ni hayo tu, usitafute mengine.

Wewe humjui Etyang kama sisi tunavyomjua. Mzigo wa mtu ukikwama forodhani, ni yeye anayetafutwa. Kanisani, sare za kwaya amenunua yeye. Nikitembea naye hapa mjini watu wananiita mama kwa heshima. Kila nyumba ina siku zake mbaya. Siku moja nililia, Toto akanishika bega akaniambia, "Vumilia, mwanangu. Wanaume wa nyumba hii mikono yao ni mizito, lakini hawaachi wake zao." Nami navumilia, na nyumba imesimama.

Tafadhali usije huku. Ukija atauliza ni nani aliyekuita. Na usiniandikie tena maswali kama yale. Nimeandika nikiwa jikoni, unisamehe majivu.

Mdogo wako,
Sheilah


Busia,
23 Machi 2025

Mdogo wangu,

Salamu zetu. Mvua imeanza na mama amepanda. Baba amechekeshwa sana na habari ya jino la Brayo. Anauliza kama amelitupa juu ya paa.

Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaifungua tena. Nilikuuliza habari ya sweta na simu. Mkono sikuutaja. Wewe ndiye uliyeutaja.

Sitakuvizia nyuma ya maneno, nitakuambia nilichofanya. Wanawake wa sokoni hapa Busia wamekuwa wakituomba mchezo juu ya vipigo vya nyumbani, na sisi tumekuwa tukikwepa kwa sababu kila mmoja wetu ana ndugu wa kumficha. Juma lililopita tumeanza kuutunga. Mimi ni mke. Mume ni Egwang, yule fundi cherehani mpole ambaye hata inzi humfungulia dirisha. Mubaraka anacheza mama mkwe. Na katika kinywa cha Mubaraka nimeyatia maneno ya Toto, yale ya mikono mizito. Aliyatamka mara ya kwanza mazoezini na wanawake wawili wakatoka nje wakajifuta macho. Maneno hayo si ya nyumba yako peke yake.

Wanawake wa Amagoro wametualika tuucheze uwanjani karibu na soko, Jumamosi ya tarehe 17 Mei. Kutoka kwako ni karibu. Ningependa uje.

Na nikwambie jambo jingine. Chumba changu ni kidogo, lakini mlango wake unafungwa kwa ndani. Wewe na Brayo mnatosha.

Apondi


Malaba,
19 Aprili 2025

Apondi,

Sina salamu leo.

Ulichukua kinywa changu ukakipeleka sokoni. Mtu alirekodi mazoezi yenu na video imezunguka kwenye simu za watu hadi kwa vijana wa boda hapa Malaba. Etyang alikuja nayo. Hakupandisha sauti. Alinionyesha Mubaraka akisema maneno yale, akairudisha nyuma, akanionyesha tena. Kisha akaniuliza polepole kabisa, "Ni nani aliyemwambia dada yako kwamba mikono yangu ni mizito?" Toto alikuwa barazani, alisikia. Mimi sikumtaja Toto.

Usiulize kwa nini maandishi yangu yamepinda. Ninatumia mkono wa kushoto.

Kuna jingine. Wanawake wa Amagoro walimwomba hema na viti, bila kujua. Amekubali. Amesema atakaa kiti cha mbele kama mgeni wa heshima, mimi upande huu na mama yake upande ule, ili watu waone nyumba yake ilivyo. Alilisema hilo huku akitabasamu na Brayo yuko mapajani mwake.

Unafikiri mkimaliza kucheza, wewe utarudi Busia na mimi nitarudi wapi? Usilete mchezo wenu Amagoro. Kama bado mimi ni ndugu yako, usiulete.

Sheilah


Busia,
27 Aprili 2025

Sheilah,

Nisamehe. Sitaeleza nilikuwa na nia gani, kwa sababu nia yangu haikukukinga na chochote. Ilinipasa nikuulize kwanza. Sikukuuliza.

Barua yako sikumwonyesha mtu, lakini niliwaambia wenzangu kwamba mchezo umemletea mtu madhara na kwamba mtu huyo ni wangu. Tuligombana. Egwang alisema tuuzike kabisa, hawezi kuinua mkono jukwaani akijua kuna mahali unashuka kweli. Mubaraka akamjibu kwamba mwanamume mmoja akikasirika nasi tukanyamaza, basi tumehamia nyumbani kwake. Wote wawili nikawaona wako sawa, na hiyo ndiyo taabu.

Tulichokubaliana ni hiki. Maneno ya Toto tumeyaondoa. Mume wa mchezoni sasa ni mwenye duka la mbao, hana gari wala kwaya. Na wewe ndiye utakayeamua. Ukisema tusije, hatuji, nitawaambia wa Amagoro kwamba nimeugua. Mwambie Janat kwa mdomo tu, "waje" au "wasije." Na ukitaka nije nikuchukue kabla ya siku hiyo, hilo nalo liseme. Ekwaro wa bodaboda yuko tayari saa yoyote.

Kwa kituo cha polisi sitakwenda bila wewe kutaka. Nimetamani kwenda. Nimefika hadi langoni nikarudi, kwa sababu juzi niliamua kwa niaba yako na umeona matokeo.

Ninangoja.

Apondi


Busia,
14 Mei 2025

Mdogo wangu,

Janat amerudi na barua yangu mkononi, safari ya pili sasa. Anasema lango lenu limefungwa kwa kufuli na kijana wa zamu amemwambia kwamba mama wa nyumba hii hanunui vitenge tena. Hakukuona. Alimsikia Brayo akiimba upande wa nyuma, basi.

Hii nampa tena, ajaribu kukufikia kanisani.

Nimengoja neno lako na halikuja, na sijui kama kimya hiki ni chako au ni chake. Tutacheza Jumamosi. Wenzangu wana sababu zao. Yangu ni kwamba amesema atakuketisha kiti cha mbele, na sina njia nyingine ya kukuona kwa macho yangu. Kama nakosea, nakosea nikiwa karibu nawe.

Apondi


Busia,
18 Mei 2025

Sheilah,

Barua hii naituma kwa Mzee Oluka, mzee wa mtaa wenu, ambaye ameahidi kuitia mkononi mwako mwenyewe. Uliondolewa uwanjani kabla mambo hayajaisha, na nataka ujue yaliyotokea nyuma yako, uyajue kutoka kwangu kabla hujayasikia kwa watu wa boda.

Nilikuona tulipokuwa tunatandika mkeka wa jukwaa. Ulivaa mikono mirefu, na mkono wa kulia ulikuwa umeulaza mapajani kama mtoto mchanga. Hukuniangalia. Nikacheza mara ya kwanza macho yakirudi kwenye mkono huo.

Tulipoanza mara ya pili nilidhani wanawake wa Amagoro wataingia kwa wingi kama wale wa Busia. Egwang akainua mkono. Hakuna aliyesema "Simama." Akaushusha, tukarudi mwanzo, akauinua tena. Watu walikuwa hawatuangalii sisi, walikuwa wanaangalia kisogo cha Etyang. Naye akacheka kwa sauti, akapiga makofi peke yake, akasema, "Kazi nzuri, vichekesho vizuri sana hivi."

Hapo ndipo uliposimama. Nilidhani unakuja kwetu. Nadhani yeye pia alidhani hivyo, kwa sababu alikushika mkono ule ule, akawaambia watu una homa, akakutembeza hadi kwenye gari na Brayo nyuma yenu. Uso wako ulipokunjamana kila mtu aliuona. Gari likaondoka. Nilitaka kukimbia, na sikukimbia.

Ulichokosa ni hiki. Kwa haraka yake alimwacha mama yake kwenye kiti.

Toto alikaa kidogo, akilitazama vumbi la gari. Kisha akasema, "Simama." Aliisema kwa sauti ndogo, wa nyuma hawakusikia. Akainuka, akaingia kwenye mkeka, akamfungua Mubaraka leso kiunoni, akajifunga yeye. Akamwambia Egwang, "Inua mkono wako, kijana. Anza pale ulipokuwa."

Egwang akauinua. Unajua wengine huingia wakapiga kelele au wakamsukuma. Toto alikuja akasimama kati yake na mimi, karibu naye kabisa, akamwangalia juu kwa sababu yeye ni mfupi. Akasema, "Mkono huu niliuogesha mimi. Niliufundisha kushika kijiko." Egwang akabaki vile vile, mkono hewani. Toto akaendelea, "Mke wako alinililia nikamwambia avumilie. Niliambiwa hivyo hivyo nilipolia. Baba yako alinivunja taya, nikasema nimeanguka kisimani, na wewe ulikuwa mlangoni ukiangalia. Ulikuwa mdogo. Ukaniona nikimpikia jioni ile ile. Ukadhani nyumba ndivyo inavyosimama."

Kuna mwanamke alianza kulia na hakuna aliyemnyamazisha. Egwang akasahau kwamba yeye ni mwenye duka la mbao, akashusha mkono akamwambia, "Nisamehe, mama." Toto akamtikisia kichwa. "Wewe si wangu," alimwambia. "Wangu ameondoka na gari." Akawageukia watu. "Nani atanipeleka nyumbani?"

Tulikwenda wengi. Mzee Oluka alikaa nyuma ya Ekwaro, mimi na Toto tukapanda pikipiki moja, na wanawake wakafuata na nyingine. Langoni kwenu Toto alinizuia kwa kiganja kifuani. Akaniambia, "Ukiingia wewe, atasema ni vita vya mashemeji. Hii ni nyumba ya mwanangu, nitaingia mimi." Aliingia na Mzee Oluka. Tukabaki barabarani tukisikiliza. Sitakuambia nilisikia nini. Baadaye Mzee Oluka akatoka akasema uko kwenye chumba cha Toto na mlango umefungwa, na kwamba Toto amesema nirudi Busia.

Nimerudi, lakini uso wako bado sijauona tangu ule uliokunjamana. Niandikie hata mstari mmoja. Nitukane ukitaka, mradi niyaone maandishi.

Apondi


Amagoro,
19 Juni 2025

Dadangu Apondi,

Nakusalimu, na kwa mkono wa Brayo pia, yeye ndiye aliyechora ile baiskeli hapo pembeni ya karatasi ampelekee babu. Mwambie baba breki zake haziko mahali pake, Brayo anajua, anasema ni baiskeli ya mbio. Mwambie mama nakula vizuri. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu mkono ulikuwa kwenye plasta. Daktari alisema ulivunjika mara mbili, ya pili juu ya ya kwanza. Unaona maandishi yameanza kunyooka.

Tuko kijijini kwa Toto, mimi na Brayo na yeye. Hii nyumba ilikuwa imefungwa tangu mzee wake afe. Tumeifagia popo.

Nitakuambia ya siku ile. Nyumbani Etyang alifunga mlango, akamwambia Brayo aende akaangalie kuku. Yaliyofuata sitayaandika kwenye barua. Nimeyasema mara moja kituoni, kwa askari mwanamke, yakaandikwa huko, na nitayasema tena mara moja. Zaidi ya hapo sidaiwi na mtu, hata wewe.

Ila la Toto nitakuambia. Alipofika hakugonga kwa nguvu. Alisema, "Fungua, ni mimi," kama anavyosema kila siku akitoka sokoni. Na Etyang akafungua. Nadhani hakujua afanye nini kingine, hajawahi kumfungia mama yake mlango. Toto akaniinua chini akaniambia nitoke. Etyang akamwuliza, "Mama, utaniaibisha mbele ya watu?" Akamjibu, "Aibu iliingia zamani. Mimi ndiye niliyekuwa naipikia." Alitoka nami hadi chumbani kwake akitetemeka mwili mzima, Apondi, alitetemeka hadi nikawa ni mimi ninayemshika.

Sasa usidhani tumepumzika. Wazee wa ukoo wao wamekuja hapa na mbuzi, wakitaka mambo yaishie nyumbani. Walikaa chini ya paa la jikoni wakingoja wakaribishwe. Toto aliwasalimia vizuri akawaambia mbuzi amefungwa vibaya atajikaba, wamfungue warudi naye. Kanisani nusu yao wamenyamaza, na nusu wanasema nilimroga mama wa watu dhidi ya mwanawe. Wakili wake anasema maneno yangu yote nimeyatoa kwenye mchezo wa dada yangu. Mzee Oluka amekubali kuwa shahidi. Daktari pia. Na Toto ameandikisha jina lake.

Wewe nitakuambia ukweli. Lile la kuyachukua maneno yangu bila kuniuliza bado linaniuma. Kuna asubuhi naamka nikikukasirikia wewe kuliko yeye, halafu naona haya, halafu nakasirika tena. Najua pia kwamba kama hamngekuja Amagoro ningekuwa bado namwaga sabuni bombani kwenye barua. Yote mawili yapo, sijui kuyapatanisha, na sina haraka. Wanawake wa hapa wananiuliza kama nitajiunga nanyi. Nimewaambia waniache kwanza niongee kama mimi.

Etyang yuko nje kwa dhamana. Haruhusiwi kufika hapa, na hajafika. Lakini jana Toto alipika atap, ule ugali wa wimbi na muhogo anaoupenda Etyang tangu utoto, na mikono yake kwa mazoea ikampakulia sahani. Akaiweka pale kwenye mkeka, akagundua alichofanya, akakaa akiitazama. Brayo alitaka kuuliza kitu nikamkanya kwa macho. Tulikula zetu. Ile ya Etyang ikapoa, na Toto hakuitoa wala mimi sikuitoa.

Kesi ni Jumanne, mahakama ya hapa hapa Amagoro. Njoo. Lakini ukifika usikae karibu nami, na usinishike mkono, na nikilia usisimame. Nitasimama pale mbele mwenyewe nimalize. Mimi nikishuka ataitwa Toto, na Etyang atakuwa amekaa akimwangalia mama yake. Katika ukoo wao wote hakuna aliyesema atakaa upande wetu.

Kaa na Toto. Mfikie mapema, kabla hawajamwita, akuzoee.

Sheilah